Kutengeneza kibadilisha joto cha stenlesi kwa usalama: kuanzia hesabu hadi jaribio la shinikizo

Kibadilisha joto ni kifaa kinachopitisha joto kutoka kwenye kimiminika kimoja hadi kingine bila vimiminika hivyo kuchanganyika. Anayekitengeneza kwa stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, hukutana na hatari za namna mbili: ile inayomkabili yeye mwenyewe akiwa kazini, na ile inayojificha ndani ya kifaa ikimsubiri mtumiaji baada ya miezi au miaka. Mwongozo huu unazishughulikia zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mara nyingi chanzo chake ni kimoja. Gesi ya agoni inayoulinda mshono kwa nyuma ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumkosesha fundi pumzi, na kisafishio chenye klorini kinachoacha mabaki ya kula chuma ndicho hicho hicho kinachotoa sumu kikimulikwa na tao la umeme.

Aina nitakayoieleza ni ile ya mirija iliyonyooka ndani ya ganda la bomba, ya kubadilishana joto kati ya maji na maji, isiyozidi shinikizo la bar 6 wala joto la nyuzi 90 za Selsiasi. Mipaka hiyo nimeiweka kwa makusudi. Mvuke, amonia, gesi za majokofu, mafuta yanayowaka na maji yanayochemka chini ya shinikizo vinahitaji mhandisi aliyeidhinishwa, mchomeleaji mwenye cheti cha kazi hiyo, na mkaguzi huru. Hata kwa maji matupu, nchi nyingi zina sheria ya vyombo vya shinikizo, na ni wajibu wako kujua kama kifaa unachokusudia kinaangukia chini yake kabla ya kununua bomba la kwanza.

Hesabu kabla ya kukata chuma

Kifaa kilicho kidogo mno humshawishi mtumiaji kupandisha joto au shinikizo kupita kiwango kilichokusudiwa, na hapo ndipo ajali nyingi huanzia. Kwa hiyo kazi ianze kwenye karatasi. Tuchukue mfano wa maji baridi, lita 10 kwa dakika, yanayotakiwa kupanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 50, kwa kutumia maji ya moto yanayoingia na nyuzi 80 na kutoka na nyuzi 60. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.19 ili joto lake lipande nyuzi moja, hivyo mzigo wa joto hapa ni takriban kilowati 21, na upande wa moto utahitaji kama lita 15 kwa dakika. Mikondo miwili ikipishana kwa mielekeo iliyo kinyume, tofauti ya joto ni nyuzi 30 mwisho mmoja na nyuzi 40 mwisho wa pili, na wastani wake wa kilogarithimu, yaani wastani unaotumika kwa tofauti inayobadilika njiani, ni nyuzi 34.8. Ukikadiria kwa tahadhari kwamba kila mita ya mraba itapitisha wati 700 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, eneo linalohitajika ni mita za mraba 0.86. Mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 12 una eneo la mita za mraba 0.0377 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo jumla ya mirija yote ni karibu mita 23.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa mafundi wengi wenye bidii. Mirija 19 ya mita 1.2 inapangika vizuri sana kama sega la nyuki, mmoja katikati, 6 kuuzunguka na 12 kuizunguka hiyo, na jumla yake ni mita 22.8, sawasawa na hesabu. Lakini lita 10 kwa dakika zikigawanywa kwenye mirija 19 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, kasi ya maji inashuka hadi mita 0.11 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo maji hupita kwa mtiririko tulivu, tabaka juu ya tabaka, na yale ya katikati ya mrija hayagusi kabisa ukuta wenye joto. Zile wati 700 zinaanguka hadi chini ya nusu yake. Ukitumia mirija 7 tu, kasi inafikia mita 0.3 kwa sekunde, maji yanaanza kusukasuka, na kadirio la wati 700 linakuwa la kuaminika tena. Urefu unaohitajika ni mita 3.26, ambao unagawanywa kwenye maganda mawili yaliyounganishwa kwa mfuatano. Mimi hupendelea kuongeza ziada kwa ajili ya ukoko utakaojijenga baadaye, kwa hiyo kila ganda lipewe mirija ya mita 1.9, ambayo inatoa akiba ya takriban asilimia 17.

Mirija 7 yenye umbali wa milimita 15 kutoka kitovu hadi kitovu inachukua upana wa milimita 42. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 60.3 na ukuta wa milimita 2.77 linaiweka ndani yake kwa nafasi ya kutosha. Ukuta huo ni imara kupita mahitaji: kwa bar 6 mkazo wake ni kama megapaskali 6.5, wakati stenlesi ya 316L, aina nitakayoieleza hapa chini, huanza kuharibika umbo katika megapaskali 170 hivi. Nguvu ya bomba haipaswi kukusumbua. Vinavyohitaji mawazo yako ni mishono, sehemu bapa za mwisho, na kutanuka kwa chuma.

Stenlesi hutanuka kwa karibu milimita 0.017 kwa kila mita kwa kila nyuzi, zaidi ya chuma cha kawaida kwa takriban nusu. Ganda likiwa na nyuzi 80 na mirija ikiwa bado na nyuzi 20, ganda lenye mita 1.9 litataka kurefuka zaidi ya mirija kwa karibu milimita 2, na kwa kuwa vyote viwili vimefungwa kwenye mabamba yale yale ya mwisho yanayoshika ncha za mirija, mirija huvutwa kwa nguvu inayokaribia kikomo chake. Katika mipaka tuliyojiwekea jambo hili huvumilika iwapo kifaa kitawashwa kwa utaratibu nitakaoueleza mwishoni. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, buni bamba moja liweze kuelea, au weka kiungo cha mikunjo kwenye ganda.

Kuchagua chuma

Herufi L kwenye 304L na 316L inaonyesha kwamba kaboni haizidi asilimia 0.03, na kwa kitu kitakachochomelewa herufi hiyo si ya kupuuzwa. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu kromiamu iliyomo hujenga utando mwembamba wa oksidi juu ya uso wake. Chuma kikikaa kati ya nyuzi 425 na 850, kaboni huinyakua kromiamu kwenye mipaka ya chembe za chuma, na ukanda ulio kando ya mshono unabaki bila kinga. Kaboni ikiwa kidogo, unyakuzi huo hauna pa kuanzia.

Kati ya aina hizo mbili, uamuzi unategemea kloraidi iliyomo kwenye maji. Kwa maji ya joto la kawaida, 304L hukubalika hadi miligramu 200 za kloraidi kwa lita, na 316L, ambayo ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, hadi karibu 1,000. Viwango hivyo hushuka sana maji yakiwa moto, na juu ya nyuzi 60 kuna hatari ya kloraidi kukipasua chuma kilicho chini ya mkazo, bila kutu ya kuonekana kukuonya. Pima maji kwanza. Kwa mfano wetu, wenye upande wa nyuzi 80, ningechagua 316L bila kusita, na kama maji ni ya kisima chenye chumvi ningeiacha stenlesi ya kawaida kabisa na kutafuta ushauri kuhusu titani au aina nyingine ya chuma.

Sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316. Dai cheti cha kiwandani chenye namba ya myeyuko, yaani ya fungu la chuma lililoyeyushwa pamoja, hakikisha namba hiyo imeandikwa kwenye bomba lenyewe, na kila unapokata kipande ihamishie kwenye kipande kinachobaki.

Hewa ya karakana

Moshi wa kuchomelea stenlesi una nikeli na kromiamu ya valensi sita, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wote wa kuchomelea katika kundi la 1, yaani la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 5 za kromiamu hiyo katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo usipime usalama kwa wingi wa moshi unaoonekana. Uchomeleaji wa TIG, yaani wa ncha ya tangsteni inayolindwa kwa gesi ya agoni, hutoa moshi kidogo kuliko ule wa fimbo zenye ganda, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuuchagua hapa, lakini mwanga wake mkali ukirudishwa na uso unaong'aa hugeuza oksijeni kuwa ozoni, inayowasha koo na kudhuru mapafu. Weka mdomo wa kifyonza moshi sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye tao, kichwa chako kiwe pembeni ya njia ya moshi, na uvae kinyago chenye kichujio cha daraja la P3 chini ya kofia ya kuchomelea. Kinyago cha kitambaa hakizuii chochote cha maana hapa. Mashine ya kusagia nayo hutoa vumbi lenye metali hizo hizo, na ni kawaida kuona fundi akikivua kinyago mara tu tao linapozimika, kisha akashika grainda.

Agoni haina harufu, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa kwa karibu asilimia 38. Hukusanyika kwenye mashimo, ndani ya matangi na sakafuni kwenye chumba kilichofungwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya asilimia 21. Chini ya asilimia 19.5 huhesabiwa kuwa hatari, chini ya 10 mtu huzimia, na pumzi chache za agoni tupu zinatosha kumwangusha bila yeye kuhisi dalili yoyote ya kukosa hewa, kwa sababu mwili huhisi kuongezeka kwa kaboni dioksidi wala hauhisi kupungua kwa oksijeni. Usiingize kichwa ndani ya ganda au tangi lililojazwa agoni, hata kwa sekunde chache za kukagua mshono. Ukimkuta mwenzako ameanguka mahali hapo, usimfuate bila vifaa vya kupumulia: funga gesi, fungua milango, na uite waokoaji. Kipimo cha oksijeni cha kuning'iniza kifuani si anasa kwa anayefanya kazi hii mara kwa mara.

Tahadhari ya tatu haifahamiki sana, na ndiyo ningependa kila karakana iiandike ukutani. Visafishio vya mafuta vyenye klorini, vikiwemo baadhi ya vile vya kupulizia breki za magari, vikikutana na mwanga na joto la tao hutoa fosijini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, mtu akadhani amepona huku mapafu yake yakijaa maji. Safisha kwa asetoni isiyo na klorini, mbali na moto, acha ikauke kabisa, na usiruhusu kopo la kisafishio chenye klorini kuingia kwenye chumba cha kuchomelea.

Kukata na kutoboa

Tenga meza ya stenlesi. Brashi, tupa, diski na vibano vilivyowahi kugusa chuma cha kawaida hupandikiza chembe za chuma kwenye uso wa stenlesi, na chembe hizo zitashika kutu na kufungua njia ya mashimo madogo yanayoendelea kwenda chini. Diski ziwe zile zilizoandikwa kwamba hazina chuma, salfa wala klorini. Kingo za stenlesi iliyokatwa hupasua ngozi kama wembe, basi kila kipande kipitishwe tupa kabla ya kuwekwa mezani, na glavu za kitambaa zivuliwe unapokaribia mashine inayozunguka, kwa kuwa huweza kunaswa na kuvuta mkono.

Mabamba ya mirija yawe ya duara lenye kipenyo cha milimita 165 na unene wa milimita 20, ili yatumike pia kama flanji, yaani midomo ya kufungia vifuniko vya mwisho, yakiwa na matundu manne ya bolti. Matundu 7 ya mirija yatobolewe milimita 12.1 hadi 12.2. Stenlesi huwa ngumu zaidi inaposuguliwa: ukiacha ncha ya keekee izunguke bila kukata, uso unakuwa mgumu kuliko keekee yenyewe, na tundu limeharibika. Tumia keekee yenye kobalti, mizunguko isiyozidi 320 hivi kwa dakika, msukumo usiokatika, na mafuta ya kutosha. Bana mabamba yote mawili pamoja unapotoboa, ili matundu yalingane.

Ndani ya ganda huwekwa vibao vya kupindisha mkondo, vyenye unene wa milimita 3, kipenyo cha milimita 53, na vikiwa vimekatwa robo ya upana wake. Viko 24 katika kila ganda, kwa nafasi ya milimita 75, sehemu iliyokatwa ikielekea upande mmoja kisha upande wa pili kwa zamu. Matundu yake yawe milimita 12.4, na kila ukingo ulainishwe pande zote mbili, kwa sababu mrija unaotetemeka dhidi ya ukingo mkali hukatika taratibu kama unaokerezwa.

Kuchomelea

Anza na ganda na viungio vyake vya kuingizia na kutolea maji, kabla ya kuweka kitu chochote ndani. Joto la viungio hulipinda bomba, na ni afadhali lipinde likiwa tupu, ulinyooshe, usage mishono inayochomoza ndani, na ndipo uingize fungu la mirija. Weka kiungio kidogo cha kutolea hewa mahali pa juu kabisa na kingine cha kumwagia maji mahali pa chini kabisa. Hewa iliyonaswa juu ya ganda hukausha maji ukutani, na chumvi iliyobaki hapo hujilimbikiza hadi kiwango ambacho vipimo vyako vya kloraidi havikukionyesha.

Kwa 316L tumia waya wa kujazia wa ER316L, na kwa 304L ule wa ER308L. Tangsteni ya milimita 1.6 iwe ya lanthanamu au seriamu. Ile yenye utepe mwekundu ina thoriamu, ambayo ni ya mionzi, na vumbi lake wakati wa kunoa halipaswi kuvutwa puani. Umeme uwe wa mkondo mnyofu, tochi ikiwa kwenye hasi. Kwa ukuta wa milimita 2.77 ampea 70 hadi 95 hutosha, na gesi ya tochi iwe lita 8 hadi 12 kwa dakika. Baada ya kuzima tao usiondoe tochi: subiri sekunde 10 gesi ikiendelea kuufunika mshono hadi upoe. Kofia iwe ya kivuli cha 10 au 11, na shingo na mikono ifunikwe kikamilifu, maana uso wa stenlesi huurudisha mwanga wa urujuanimno hadi chini ya kidevu na nyuma ya kofia.

Upande wa nyuma wa mshono lazima ujazwe agoni. Ukiachwa kwenye hewa, chuma kilichoyeyuka huungua na kutoa uvimbe mweusi wenye vinyweleo, na maji yatauanza huo kabla ya kitu kingine. Ziba ncha za ganda kwa vizibo vya silikoni au karatasi ya alumini yenye utepe, ingiza agoni kutoka chini na uache tundu la kutokea juu, kwa kuwa gesi nzito huisukuma hewa kwenda juu. Ganda letu lina ujazo wa lita 4.5 hivi, ukipitisha mara kumi ya ujazo huo kwa lita 8 kwa dakika, unahitaji karibu dakika 6 kabla ya kuwasha tao, kisha upunguze mtiririko. Tundu la kutokea lisizibwe kamwe. Likizibwa, shinikizo la ndani huupuliza mshono wa mwisho nje ukiwa bado umeyeyuka, na fundi asiyejua sababu hulaumu mkono wake.

Rangi ya mshono ndiyo mkaguzi wako wa kwanza. Fedha au njano hafifu ya majani makavu inakubalika. Zambarau na buluu zinaonyesha kwamba gesi haikutosha au joto lilizidi. Kijivu kilichofifia chenye ukoko kinatakiwa kukatwa na kurudiwa. Stenlesi hupitisha joto kwa takriban theluthi moja tu ya uwezo wa chuma cha kawaida, hivyo joto hubaki pale pale ulipolitia. Usianze mshono unaofuata kabla chuma hakijashuka chini ya nyuzi 150, na upimaji uwe wa kipimajoto, usiwe wa kukisia kwa kiganja.

Mirija hupitishwa ndani ya bamba hadi ichomoze milimita 1 au 2. Bamba ni nene na mrija una ukuta wa milimita 1, kwa hiyo tao lielekezwe kwenye bamba, na dimbwi la chuma ndilo liufuate mrija. Mafundi wengine huchonga mfereji mdogo kuzunguka kila tundu ili ukingo wa bamba uwe mwembamba kama mrija, na kazi hiyo ya ziada hulipa. Chomelea mrija wa katikati kwanza, kisha iliyobaki kwa kurukia upande wa pili kila mara, ili bamba lisipinde kama sahani. Baada ya mishono yote kupoa, tanua kila mrija kidogo ndani ya bamba kwa kifaa cha roli, ukipunguza unene wa ukuta wake kwa asilimia 3 hadi 5 tu, ili kuufunga mwanya mwembamba ulio nyuma ya mshono, ambamo maji yaliyotuama hula chuma. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukitanua kwanza, mafuta na hewa vilivyobanwa kwenye mwanya vitatafuta njia ya kutokea kupitia chuma kilichoyeyuka, na mshono utajaa vinyweleo.

Kurudisha kinga ya uso

Rangi zote za joto zilizobaki ziondolewe, kwa kuwa chini yake kuna tabaka lililopungukiwa kromiamu. Viwandani hutumia mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrofloriki. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiye na mafunzo, chumba maalumu na jeli ya kalsiamu glukoneti iliyo tayari mkononi asiiguse asidi ya hidrofloriki kabisa. Hupenya ngozi, wakati mwingine bila maumivu ya papo hapo, hunyang'anya kalsiamu ya damu, na inaweza kuusimamisha moyo. Njia iliyo wazi kwa karakana ya kawaida ni kusugua kwa brashi mpya ya stenlesi na sandpepa laini hadi chuma safi kionekane, na ndipo kutumia asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10: dakika 10 kwa nyuzi 50 hadi 60, au dakika 20 kwenye joto la chumba lisilopungua nyuzi 21. Asidi hiyo huondoa chembe za chuma na kuusaidia utando kujijenga, lakini haiondoi rangi ya joto, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya kusugua. Vaa miwani na glavu za mpira, tia asidi kwenye maji wala si maji kwenye asidi, na suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kisha uache uso ukiwa na unyevu kwa siku moja: doa lolote la kahawia linakuonyesha mahali pa kurudia.

Jaribio la shinikizo

Kabla ya maji kuingia, kagua mishono kwa kimiminika chenye rangi kinachopenya nyufa, maana ufa uliokwisha kujaa maji hautapokea rangi. Jaribio lenyewe lifanywe kwa maji, wala si kwa hewa. Maji hayabanwi kwa urahisi, hivyo kifaa kikipasuka shinikizo hushuka papo hapo. Hewa iliyobanwa kwa shinikizo lile lile hubeba nguvu mamia ya mara na zaidi, na hurusha vipande. Maji yawe na kloraidi isiyozidi miligramu 50 kwa lita.

Jaribu upande wa ganda kwanza, vifuniko vya mwisho vikiwa havijafungwa, ili uione mirija yote 7 kwa macho: tone likitokea kwenye mshono wa mrija au ndani ya mrija wenyewe, umejua mahali hasa. Jaza ukiwa umeacha kiungio cha juu wazi hadi maji yatoke bila kiputo hata kimoja. Pandisha kwa pampu ya mkono hatua kwa hatua hadi mara 1.3 ya shinikizo la kazi, ambayo kwa bar 6 ni bar 7.8, ukitumia geji mbili zilizothibitishwa zenye kipimo cha juu cha bar 16 hivi. Subiri dakika 30. Usisimame mbele ya kizibo wala sehemu bapa. Kwa shinikizo hilo, kizibo cha upana wa ganda letu husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 190. Usikaze bolti wala kugonga mshono wakati kuna shinikizo. Sindano ya geji ikishuka bila tone kuonekana, angalia kwanza kama maji yamepoa, kisha kagua viungio vya pampu. Ukimaliza, rudia kwa upande wa mirija vifuniko vikiwa vimefungwa, halafu mwaga maji yote siku hiyo hiyo na ukaushe kwa hewa, kwa sababu maji ya jaribio yaliyoachwa yatuame hustawisha bakteria wanaotoboa hata 316L.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kila upande unaoweza kufungiwa na vali pande zote mbili lazima uwe na vali ya usalama isiyo na kizuizi mbele yake, na bomba lake la kutokea lielekezwe sakafuni mbali na watu. Maji yaliyofungiwa bila nafasi ya kutanuka hupandisha shinikizo kwa bar kadhaa kwa kila nyuzi moja yanapopashwa, na hakuna mshono uliotengenezwa kwa kazi ya bar 6 unaovumilia hilo kwa muda mrefu.

Fungua maji baridi kwanza, toa hewa yote, na ndipo ufungue ya moto kidogo kidogo kwa dakika 10 hivi, ili ganda na mirija vitanuke kwa kufuatana. Wakati wa kuzima, funga ya moto kwanza. Baada ya mzunguko wa kwanza, kifaa kikiwa kimepoa na shinikizo limetolewa, kaza tena bolti za vifuniko kwa kuvuka upande wa pili kila mara. Andika joto la maji katika viungio vyote vinne pamoja na mtiririko wake, na utunze karatasi hiyo pamoja na vyeti vya chuma. Maji baridi yaliyokuwa yakitoka na nyuzi 50 yakianza kutoka na 45 kwa mtiririko ule ule, mirija imeshika ukoko: fungua vifuniko, pitisha brashi ya nailoni, na ukoko mgumu wa chokaa uuyeyushe kwa asidi ya sitriki. Asidi ya hidrokloriki, ambayo mara nyingi huuzwa kama dawa ya kuondoa ukoko, isiingizwe humo kwa namna yoyote, kwa kuwa ni kloraidi tupu na hutoboa mirija ya stenlesi.